Shajara ya mradi: kuchovya kesi za saa dhahabu isibanduke

Karakana ya Mlandege, Unguja. Kuchovya hapa ni kushusha tabaka la dhahabu kwa umeme, ndani ya maji ya dawa, juu ya kesi, yaani gamba la nje la saa. Shajara hii imewekwa kwa ajili ya fundi saa au sonara anayetaka kufanya kazi hii mwenyewe. Hatua zilizokwenda sawa tumezipita haraka. Zilizoharibika tumezieleza kwa kirefu, kwa sababu ndizo zilizokula pesa.

Juni 10: kesi, lengo na vifaa

Kesi 12 kuukuu za saa za mkononi, mashine na vioo vimeshatolewa. Sita ni za shaba njano (namba 1 hadi 6), tano za stenlesi (7 hadi 11), moja ya zamaki, yaani aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu (12). Kuzitambua si kazi ngumu. Kwaruza ndani ya tundu la kipini cha mkanda: shaba njano huonyesha manjano, stenlesi hukataa sindano, zamaki hutoa kijivu na kesi yenyewe ni nyepesi mkononi.

Kesi za zamani za Uswisi mara nyingi zimegongwa nyuma alama ya unene wa dhahabu, mikroni 10 au 20 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Dhahabu ya kuchovya ya haraka haraka, ile ya sekunde 30, kwa kawaida haifiki hata nusu mikroni. Ndiyo maana inaondoka kwa jasho la mwezi mmoja. Lengo letu ni nikeli mikroni 5 chini na dhahabu mikroni 5 juu.

Rangi ya dhahabu iliyo kwenye saa nyingi mpya za stenlesi si dhahabu. Ni nitridi ya titani, iliyotandazwa ndani ya chumba cha ombwe kwa gesi ya naitrojeni na joto la nyuzi mia kadhaa. Ugumu wake kwa kipimo cha Vickers hupita 2,000, na stenlesi yenyewe ni kama 200. Kwa kukwaruzika, dhahabu haiwezi kushindana nayo. Lakini chumba cha ombwe hatuna, na dhahabu halisi ina rangi ambayo nitridi haijaipata.

Sayanidi hatutumii. Maji mengi ya dhahabu ya masonara ni ya sayanidi, na sayanidi ikikutana na asidi hutoa gesi inayoua. Sisi tuna asidi ya nikeli mita moja pembeni. Tumechukua dhahabu ya salfaiti, ambayo ina matatizo yake, yanakuja chini.

Vifaa: pawasaplai ya volti 30 na ampia 5, mizani ya miligramu 1, kipima pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi imezidi), jiko la umeme lenye kidhibiti joto, bika za kioo, vipande vya nikeli safi kwa ajili ya upande wa chanya, na wavu wa titani uliopakwa platinamu kwa ajili ya maji ya dhahabu. Kabla ya kuagiza asidi na chumvi za nikeli, ulizia kibali kwa Mkemia Mkuu, na usibebe asidi kwenye mzigo wa boti kimyakimya.

Juni 19: maji kwanza

Kesi ya majaribio ilitoka kwenye nikeli ikiwa inang'aa, ikasuuzwa kwa maji ya bomba, ikakauka na madoa meupe. Tulidhani madoa yatafunikwa na dhahabu. Hayakufunikwa. Dhahabu ilifuata kila doa kama kivuli, na palipokuwa na doa ndipo ilipobanduka kwa gundi ya selotepu.

Sababu ipo chini ya miguu yetu. Unguja ni mawe ya matumbawe, maji ya visima hupita ndani yake na kubeba chokaa, na karibu na pwani hubeba na chumvi. Kipima chumvichumvi kilisoma 520 kwenye maji ya bomba, 14 kwenye maji yanayodondoka kutoka AC, 9 kwenye mvua na 2 kwenye maji ya betri.

Tangu siku hiyo: suuza ya kwanza maji ya bomba, ya pili maji ya AC, ya mwisho maji ya betri. Maji ya kutengenezea dawa ni ya betri peke yake, kwa sababu ya AC hupita kwenye koili za shaba nyekundu na huweza kubeba shaba kidogo. Mvua ya juu ya bati achia dakika 20 za mwanzo zimwagike, zina zinki na chumvi ya bahari. Dukani usiseme "maji ya betri" ukanyamaza, unaweza kupewa asidi. Sema ya kuongezea, kisha uyapime.

Juni 27: shaba njano

Kesi 1, 2 na 3. Kromu ya zamani iliyokuwa kwenye namba 2 imeondolewa kwa asidi ya hidrokloriki iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji. Kromu hutoa mapovu mengi, na mapovu yakikatika ghafla kazi imekwisha. Toa hapo hapo. Usiondoe kromu kwa kostiki na umeme, njia hiyo hutoa kromu ya aina yenye sumu kali zaidi.

Kisha msasa 600, 1000, 2000, gurudumu la kitambaa, sabuni ya vyombo, maji moto ya kostiki soda gramu 40 kwa lita, suuza, asidi ya salfuriki asilimia 10 kwa sekunde 20, suuza. Jaribio la kujua kama kesi imetakata: imwagie maji. Yakitanda kama karatasi bila kukatika, imetakata. Yakijikunja na kuacha kisiwa kikavu, kuna mafuta, rudi mwanzo. Ukiigusa kwa kidole baada ya hapo, rudi mwanzo pia.

Maji ya nikeli, lita 2: salfeti ya nikeli gramu 560, kloridi ya nikeli gramu 90, asidi ya boriki gramu 80. pH 4.0, joto nyuzi 50. Eneo la nje la kesi ya milimita 36 bila mfuniko tumelihesabu kuwa sentimita za mraba 25, hivyo mkondo wa ampia 2 kwa desimita ya mraba ni ampia 0.5. Dakika 13 zinatoa mikroni 5.

Kesi ya 1 ilitoka na vishimo vidogo kama alama za ndui, vyote upande wa juu. Ni mapovu ya haidrojeni yaliyong'ang'ania. Tumeongeza laurili salfeti ya sodiamu, aina ya sabuni inayoachisha mapovu, gramu 0.4 kwa lita 2 na kuitikisa kesi kila sekunde chache. Vishimo vimekwisha. Vipande vya nikeli vimevishwa mifuko ya kitambaa ili vumbi lao lisielee, lisije likatua kwenye kesi kama changarawe.

Julai 5: stenlesi inakataa

Kesi ya 7, stenlesi. Tuliifuata njia ile ile ya shaba njano. Nikeli ilipanda vizuri, ikang'aa. Tulipoubana mfuniko wa nyuma, nikeli iliinuka ukingoni kama ngozi ya vitunguu. Tuliivuta kwa kucha ikatoka kipande kizima cha sentimita mbili, na chini yake stenlesi safi kabisa.

Stenlesi haishiki kutu kwa sababu ya utando mwembamba wa oksidi ya kromu unaojitengeneza wenyewe hewani. Utando huo huo ndio unaokataa nikeli. Ukiufuta kwa msasa unarudi kabla hujafika kwenye suuza. Tulijaribu kufuta kwa msasa ndani ya maji (ikabanduka), kisha asidi ya salfuriki asilimia 30 yenye joto kwa dakika 5 na kukimbiza kesi hadi kwenye nikeli (ikabanduka, ingawa kwa shida kidogo). Siku mbili zimepotea hapo.

Kilichofanya kazi ni tabaka la kushikia: maji ya nikeli yenye asidi kali kiasi kwamba utando unayeyushwa na nikeli inatua papo hapo, ndani ya chombo kimoja, bila kesi kuona hewa. Lita 1: kloridi ya nikeli gramu 240, asidi ya hidrokloriki kali mililita 120. Joto la chumbani. Asidi hutiwa kwenye maji, si maji kwenye asidi, na kazi hii ifanywe penye upepo unaotoka nje, kwa glovu na miwani. Mvuke wake hushambulia kila chuma kilicho karibu: bisibisi zilizokuwa kwenye rafu ya juu zilipata kutu kwa usiku mmoja. Usiweke mashine ya saa chumba kimoja na chombo hiki, hata ikiwa ndani ya kopo.

Kesi inaingia bila umeme, inakaa sekunde 45, kisha umeme unawashwa ampia 1.25 (yaani 5 kwa desimita ya mraba) kwa dakika 3. Suuza ya haraka, kesi ikiwa bado mbichi iingie maji ya nikeli ya kawaida. Tokea kutoka chombo cha kwanza hadi cha pili zisipite sekunde 15.

Kesi 7, 8 na 9 zimepitishwa hivyo. Jaribio la joto: oveni nyuzi 200 nusu saa, kisha kesi inadondoshwa kwenye maji ya baridi. Penye mshiko mbovu hutokea malengelenge. Hakuna lengelenge hata moja.

Julai 14: umeme ulikatika dakika ya sita

Kesi ya 10, stenlesi, ndani ya maji ya nikeli. Umeme ulikatika dakika ya 6, ukarudi baada ya kama sekunde 40. Tukaendelea hadi dakika 13. Kwa macho haikuwa na kasoro. Kwenye oveni ilitoa malengelenge bega zima, na safari hii chini ya lengelenge hapakuwa stenlesi, palikuwa nikeli. Nikeli ilibanduka juu ya nikeli.

Nikeli ikikosa mkondo hata kwa muda mfupi ndani ya dawa hujivika utando wake wenyewe, na tabaka linalofuata halishiki. Sonara aliyezoea dhahabu peke yake hawezi kulijua hili. Kwa kesi ya namna hiyo: toa, suuza, irudishe kwenye tabaka la kushikia dakika 1, kisha endelea. Kesi ya 10 ilisagwa upya na kurudiwa hivyo, ikapita.

Dawa ya kudumu imekuwa betri. Betri ya gari ya volti 12 iliyotumika, ampia-saa 40, na kidhibiti mkondo cha DC kilichowekwa kati ya betri na chombo. Kazi yetu kubwa ni ampia 1.25, betri inamaliza wiki bila kuchajiwa. Jiko la joto limebaki kwenye umeme wa ukutani, maana lita 2 za dawa hazipoi kwa dakika tano za giza. Kagua koleo za kubania pia: koleo lililolegea hukata mkondo sawa na umeme kukatika, na hupigi hesabu yake.

Julai 28: dhahabu na hesabu zake

Maji ya dhahabu ya salfaiti, mililita 500, gramu 10 za dhahabu kwa lita, yaani gramu 5 ndani ya bika. Joto nyuzi 50, pH 9.5, mkondo ampia 0.3 kwa desimita ya mraba, ambao kwa kesi yetu ni miliampia 75.

Hesabu ni hii, na usiichovye kesi kabla ya kuipiga. Dhahabu ina uzito wa gramu 19.3 kwa sentimita ya ujazo, hivyo mikroni 1 juu ya sentimita ya mraba 1 ni miligramu 1.93. Kesi ya sentimita 25 ni miligramu 48 kwa kila mikroni. Ampia-saa moja hushusha gramu 7.35. Kwa miliampia 75 tunapata kama mikroni 11 kwa saa. Mikroni 5 ni dakika 27 hivi na miligramu 241.

Kesi inapimwa kwenye mizani kabla na baada, ikiwa kavu. Tofauti ya miligramu ndiyo ukweli, saa ya ukutani ni makadirio. Kesi ya 1 ilichovywa mikroni 1, ya 2 mikroni 3, ya 3 mikroni 5, kwa ajili ya kulinganisha. Mizani ilisoma miligramu 46, 141 na 238.

Kesi iingie kwenye dhahabu umeme ukiwa tayari umewashwa. Rangi inayotoka ni nzito, ya karati 24, nzito kuliko dhahabu ya rangi hafifu ya saa za Kijapani na za Uswisi. Kwa hapa si tatizo, maana rangi hiyo ndiyo inayotafutwa kwa saa ya harusi. Kwa anayetaka saa ya zamani ionekane kama ilivyotoka kiwandani, mwambie mapema.

Agosti 9: maji ya dhahabu yamegeuka zambarau

Hasara kubwa kuliko zote. Asubuhi bika lilikuwa na rangi ya zambarau iliyofifia, jioni limekuwa na tope jeusi chini na harufu ya kiberiti kilichowashwa. pH ilisoma 6.6.

Wavu wa titani hauyeyuki, kwa hiyo hauongezi dhahabu, na juu yake maji huvunjika na kuacha asidi. Kila kesi inayochovywa inashusha pH kidogo. pH ikishuka, salfaiti inayoishikilia dhahabu huvunjika kuwa gesi, na dhahabu iliyobaki bila kishikizo huanguka kama vumbi. Tulikuwa tumepima pH siku ya kwanza tu. Halafu tukaongeza kosa la pili: bika liliachwa bila kifuniko usiku.

Tope limechujwa, likaoshwa na kupelekwa kwa sonara. Bika lilikuwa na gramu 4.3, zimepatikana 3.1. Gramu 1.2 zimekwenda.

Utaratibu mpya: pH inapimwa kabla na baada ya kila kesi, na kipima pH husahihishwa kila asubuhi kwa vidonge vyake. Ikifika 9.0 tunaongeza kostiki soda iliyoyeyushwa, tone kwa tone huku dawa ikikorogwa. Salfaiti ya sodiamu kidogo baada ya kila kesi nne, pamoja na dhahabu ya kujazia, kwa sababu kesi nne za mikroni 5 zinakula karibu gramu 1, sawa na kushuka kutoka gramu 10 kwa lita hadi 8. Chini ya hapo kingo huanza kuungua na kuwa na rangi ya udongo. Bika hufunikwa, na usiku dawa hurudishwa kwenye chupa nyeusi iliyojaa hadi shingoni.

Agosti 21: masikio manene, makwapa membamba

Tumekata kesi mbovu ya stenlesi kwa msumeno, tukaigandisha kwenye gundi ya epoksi, tukaisugua hadi ikang'aa na kuitazama kwa hadubini ya skuli. Nikeli iliyokusudiwa kuwa mikroni 5 ilikuwa 11 kwenye ncha za masikio (pembe za kesi zinazoshika mkanda) na 2 kwenye kwapa, pale sikio linapoungana na mwili. Uzito kwenye mizani ulikuwa sahihi, ila uzito ni wastani.

Umeme hupenda ncha. Tiba zetu tatu: wavu wa chanya umekunjwa kuwa duara linaloizunguka kesi, kesi inazungushwa polepole na mota ndogo, na waya mwizi umefungwa milimita 5 mbele ya kila ncha ya sikio ili uibe mkondo unaozidi. Waya mwizi wa dhahabu usitupwe, una miligramu zake. Baada ya hapo kesi ya kukatwa ilionyesha 7 kwenye ncha na 4 kwenye kwapa. Inatosha.

Septemba 6: kanzu, jasho na nikeli

Kinachokula dhahabu ya saa hapa ni mkono wa kanzu na jasho, basi tumevipima hivyo. Mota ya waipa ya gari inavuta kitambaa cha kanzu juu ya ukingo wa kesi, uzito wa gramu 500 juu yake, mara 45 kwa dakika. Mikroni 1 ilionyesha nikeli baada ya mara 4,000. Mikroni 3 baada ya 15,000. Mikroni 5 tuliisimamisha 25,000 ikiwa bado haijafunguka. Usigeuze namba hizi kuwa miezi ya kuvaa, zinafaa kulinganishia tu.

Jasho la kutengeneza, lita 1: chumvi gramu 5, urea gramu 1, asidi ya laktiki gramu 1, na amonia hadi pH 6.5. Urea ya mbolea inatosha. Vipande vilikaa wiki moja kwenye nyuzi 30. Kesi ya mikroni 1 ilitoa vidoti vya kijani. Dhahabu nyembamba ina vitundu, na kwa kuwa dhahabu haishambuliwi, kila tundu huisukuma metali ya chini ioze haraka kuliko ambavyo ingeoza peke yake. Dhahabu nyembamba juu ya shaba njano ni mbaya kuliko kutokuwa na dhahabu. Mikroni 5 hazikuwa na doti.

Nikeli ina jambo jingine. Watu wengine ngozi huwawasha na kutoka upele, na Ulaya imeweka kikomo cha nikeli inayotoka kwenye kitu kinachogusa ngozi muda mrefu: mikrogramu 0.5 kwa sentimita ya mraba kwa wiki. Sisi hatuwezi kupima hicho. Tunachoweza ni pamba yenye dimethiliglioksimu na tone la amonia, kusugua sekunde 30: ikigeuka waridi, nikeli inatoka. Mikroni 1 iligeuka waridi. Mikroni 3 waridi hafifu chini ya masikio. Mikroni 5 pamba ilibaki nyeupe. Hata hivyo pamba nyeupe si hati, na dhahabu huchakaa. Mteja anayejua kuwa nikeli humdhuru, kazi yake hatuipokei.

Mifuniko ya nyuma ya stenlesi tumeiacha bila kuchovya, yote. Ndiyo inayolala juu ya ngozi, na ndiyo inayosuguliwa zaidi.

Tulijaribu pia vanishi ngumu juu ya dhahabu ya kesi ya 1. Wiki ya tatu iliinuka kwenye kingo na kushika uchafu chini yake. Imeachwa.

Septemba 30: kesi mbili zisizochovyeka

Kesi ya 11 ni stenlesi ya rangi ya dhahabu ambayo haikukubali sindano wala msasa 1000. Ni nitridi ya titani. Nikeli ya kushikia ilitua juu yake ikatoka kwa selotepu. Kuisaga kwa unga wa almasi kulichukua saa sita na kuua kona zote za kesi. Sasa tunazirudisha kesi za namna hii mlangoni.

Kesi ya 12, zamaki, iliingizwa kwenye maji ya nikeli moja kwa moja. Zinki ilianza kuyeyuka, nikeli ikawa nyeusi, na maji yakachafuka kiasi cha kutuharibia rangi ya kesi mbili zilizofuata. Tuliyasafisha kwa kuchovya bati la chuma lililokunjwa kwa mkondo mdogo wa ampia 0.3 kwa desimita ya mraba kwa saa nne, zinki ikapanda juu ya bati. Zamaki inahitaji kwanza shaba nyekundu kutoka kwenye dawa isiyo ya asidi. Hiyo hatuna.

Oktoba 25: kurudisha saa pamoja

Mikroni 10 za nikeli na dhahabu hupunguza kila tundu kwa mikroni 20. Kioo cha kubana kwenye kesi ya 4 kilikataa kuingia, kikasukumwa, kikapasuka. Nyuzi za mfuniko, mfereji wa mpira wa kuzuia maji, kiti cha kioo na bomba la taji (kitufe cha kutegea saa) vyote vifunikwe kwa rangi ya kucha, matabaka mawili. Ipake baada ya kostiki moto, kwani ukiipaka kabla inavuliwa.

Tatizo lililochelewa kujionyesha ni matundu ya vipini vya mkanda. Hayana mlango wa pili, dawa huingia na kubaki. Wiki tatu baadaye, hewa ya vuli ilipoanza kuwa nzito, kesi mbili zilitoa unga wa kijani kwenye masikio, na tulidhani dhahabu imefeli. Haikuwa imefeli, ilikuwa chumvi ya nikeli inayotoka kwenye tundu. Sasa kila tundu husukumwa maji ya betri ya moto kwa bomba la sindano mara tano, kesi huchemshwa kwenye maji ya betri dakika 10 mara tatu, kila mara maji mapya, kisha oveni nyuzi 80 saa moja.

Maji machafu hayamwagwi uani. Mawe yetu yana matundu, na kinachomwagwa leo kinateremka hadi kisimani. Suuza za nikeli zinakusanywa kwenye ndoo, zinatiwa kostiki hadi pH 10, nikeli inatua kama tope la kijani, maji ya juu yanachujwa na kupimwa kwa dimethiliglioksimu, tope linakaushwa na kufungiwa kwenye ndoo yenye kifuniko na alama.

Desemba 2: gharama, na saa zilizo mikononi

Kwa shilingi: pawasaplai 185,000, mizani 95,000, wavu wa titani na usafiri wake 110,000, vipande vya nikeli 60,000, chumvi na asidi zote 240,000, jiko 85,000, kipima pH 65,000, kipima chumvichumvi 25,000, betri na kidhibiti 90,000. Jumla 955,000, bila dhahabu. Dhahabu tunaiandika kwa gramu kwa kuwa bei hubadilika kila wiki: gramu 5 za kuanzia, 1.2 zilizopotea, na miligramu 241 kwa kila kesi inayotoka. Zidisha kwa bei ya siku. Muda wa fundi kwa kesi moja, kuanzia msasa hadi oveni ya mwisho, ni saa nne, na tatu kati yake ni kusugua na kusuuza.

Saa nne ziko mikononi tangu mwanzoni mwa Oktoba: namba 5 kwa mwalimu, 6 kwa mpishi wa hoteli, 8 kwa muuza vitambaa wa Darajani, 9 kwa mvuvi wa ngalawa. Zinarudi kila mwezi kutazamwa kwa lenzi na kusuguliwa kwa pamba. Namba 5 na 8 hazina alama. Namba 6 imepata mistari ya sufuria, mikwaruzo ya juu tu. Namba 9 ina ukingo mmoja wa sikio la kushoto, upande wa kasia, ambapo dhahabu imefifia, pamba bado nyeupe. Imerudishwa kwa mvuvi, aendelee kuivaa kipindi chote cha kaskazi, na itafunguliwa tena mwishoni mwa Machi kabla masika hayajaingia.